Kupitia kozi za sharti la tamaduni mbalimbali: anza na kalenda, usianze na jina

Kila Januari, theluji ikiwa bado imelala barabarani, naletewa majalada. Mwaka huu yamekuja 14. Kila jalada ni kozi moja ambayo mwalimu wake anaomba ihesabiwe kwenye sharti la tamaduni mbalimbali katika elimu ya jumla ya chuo chetu, chuo cha umma katikati ya Marekani. Nafundisha Kiswahili hapa, huu mwaka wa 11, na kwenye kamati hii nimekaa miaka mitano.

Nawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili mlioko vyuo vya huku, kwa sababu najua mtaitwa. Mkuu wa idara akitafuta mjumbe wa kamati ya "mambo ya tamaduni", jicho lake hutua kwa mwalimu wa lugha ya Kiafrika kabla ya mtu mwingine yeyote. Kubalini. Ila mimi nilipoingia hakuna aliyenikalisha chini kunionyesha namna ya kusoma jalada. Nilipewa nywila ya mfumo na tarehe ya kikao, basi. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukosea na kwa kukaa jirani na wajumbe wazuri.

Kwa aliyesoma nyumbani, mfumo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale unaingia na fani yako na unatoka nayo, na kozi tulizochangia na wanafunzi wa vitivo vingine zilikuwa chache: DS (taaluma za maendeleo), mbinu za mawasiliano, na kidogo zaidi. Huku shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na sehemu kubwa ya krediti hizo si za fani. Mwanafunzi wa uhasibu atasoma historia, wa historia atasoma takwimu, na karibu kila mmoja atatakiwa awe na kozi moja au mbili zinazomfundisha juu ya watu wasio wa kwao. Kozi hizo hazijiandiki zenyewe kwenye orodha. Lazima kamati ya walimu izisome na kusema ndiyo au bado.

Na sharti lenyewe lina historia ya jasho. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, wakiongozwa na vyama vya wanafunzi vya Black Student Union na Third World Liberation Front, walianza mgomo uliokwenda hadi Machi 1969. Walitaka historia za watu wao zifundishwe, na watu wao wawe miongoni mwa wafundishaji. Walipigwa virungu, mamia wakakamatwa, lakini kitivo kizima cha taaluma za mbari na makabila (ethnic studies) kikazaliwa. Mwaka 1988 Stanford waliiondoa kozi ya lazima ya utamaduni wa Magharibi wakaweka nyingine yenye wigo mpana zaidi. Berkeley walipiga kura 1989 kuanzisha sharti lao la American Cultures (tamaduni za Marekani), na likaanza kuwahusu walioingia mwaka 1991. Mwaka 2020 California ikatunga sheria, AB 1460, inayomtaka kila mhitimu wa California State University awe amesoma krediti 3 za taaluma hizo za mbari na makabila. Ukiwa umeshika jalada saa nne usiku na macho yanauma, ni rahisi kuliona karatasi tupu la kujaza visanduku. Mimi huwakumbuka wale wa 1968 ndipo nageuza ukurasa.

Kwanza lisome sharti lako, neno kwa neno

Vyuo havifanani. Sharti la Berkeley, kwa maneno yake ya awali, lilitaka kozi ilinganishe angalau makundi matatu kati ya matano: Wamarekani weusi, wenyeji wa asili, wenye asili ya Asia, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kilatini, na wenye asili ya Ulaya. Penn State wana masharti mawili tofauti, moja la tamaduni za Marekani na jingine la tamaduni za kimataifa, krediti 3 kila moja. Kozi nzuri kabisa ya chuo kimoja inaweza isifae kitu kwenye sharti la chuo kingine, na hilo si tusi kwa mwalimu.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Mwaka wangu wa pili niliiwasilisha kozi yangu ya Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Nilijaza fomu kwa dakika 20. Kwenye sehemu ya kueleza namna kozi inavyotimiza sharti niliandika kwamba lugha ndiyo utamaduni, na kwamba mwanafunzi anayejua kuamkia wakubwa shikamoo ameshaingia katika dunia nyingine. Ikarudi na mistari miwili: haigusi makundi yaliyomo Marekani. Niliumia karibu wiki nzima. Niliona wamekidharau Kiswahili.

Baadaye ndipo nikalisoma sharti lenyewe, kitu ambacho sikuwa nimekifanya. Wakati ule, kabla halijapanuliwa, lilizungumzia uhusiano wa makundi ya watu ndani ya Marekani, na namna mamlaka na ukosefu wa usawa vilivyoujenga uhusiano huo. Salamu zangu, ngeli zangu, somo langu la kununua kitenge Kariakoo, vyote vilikuwa na maana, lakini hakuna hata kimoja kilichofanyika Marekani. Kamati ilikuwa sahihi.

Sikuilazimisha kozi ile. Niliiacha itimize sharti la lugha, nikatunga nyingine kuhusu Kiswahili ndani ya Marekani. Humo wanafunzi wanauliza kwa nini mwaka 1966, Los Angeles, Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa alichagua maneno ya Kiswahili kama umoja, ujamaa na kujichagulia kwa ajili ya watu ambao mababu zao wengi walitolewa Afrika Magharibi na ya Kati. Wanauliza kwa nini sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa (NDEA) ya mwaka 1958 ndiyo iliyoleta fedha za kufundishia lugha kama hii vyuoni. Kisha wanasoma juu ya wakimbizi wa Kongo, ambao kwa miaka kadhaa waliongoza idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wakija na Kiswahili cha Kivu. Wanajifunza nini hutokea mama wa Uvira anapopewa mkalimani wa Dar es Salaam hospitalini. Kozi hiyo ilipita bila swali.

Kwa hiyo kabla hujafungua jalada la kwanza, lichapishe sharti. Pigia mstari kila kitenzi. "Kueleza", "kulinganisha", "kuchambua" na "kujitafakari" ni kazi nne tofauti, na utakapobishana na mjumbe mwenzako kikaoni, mara nyingi mtakuwa mnabishania kitenzi bila kujua.

Kalenda, kisha kazi, mwisho fomu

Jalada kwa kawaida lina fomu ya maombi, silabasi, kalenda ya wiki kwa wiki, na maelezo ya kazi atakazofanya mwanafunzi. Mfumo utakufungulia fomu kwanza. Iruke. Fomu imeandikwa kwa ajili yako wewe mjumbe, na mwalimu mwenye lugha nzuri anaweza kukushawishi kwa ukurasa mmoja. Jina la kozi limetungwa livutie wanafunzi, na maelezo ya katalogi huenda yaliandikwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyekwishastaafu. Kalenda ndiyo itakayokuonyesha mwalimu atasimama mbele ya darasa aseme nini Jumanne ya wiki ya saba.

Naichapisha kalenda, nachukua penseli. Kila kipindi ambacho watu wanaotajwa kwenye sharti ndio mada yenyewe, nakizungushia duara. Kila kipindi wanachoguswa kwa kupita tu, napiga kimstari. Kisha nahesabu. Muhula wa wiki 15 wenye vipindi viwili kwa wiki una vipindi 30. Ukitoa mitihani na mapumziko ya Thanksgiving unabaki na 26 hivi. Sharti letu linataka angalau nusu ya kozi. Niliwahi kukutana na kozi iliyojitangaza kwa "sauti za ulimwengu mzima", na nilipomaliza nilikuwa na maduara manne.

Ilikuwa kozi ya muziki. Ulaya ilikuwa imegawanywa kwa karne, kwa miji, kwa watunzi wenye majina. Halafu wiki ya 11, Alhamisi: "Afrika: ngoma na mdundo." Kipindi kimoja, dakika 75, bara zima. Hakuna nchi, hakuna mtu, hakuna mwaka. Niliandika pembeni: Afrika ipi?

Nilikaa muda mrefu na ukurasa ule, maana nilijua dakika hizo 75 zingeweza kubeba nini. Mtoe Beethoven jina na mwaka uone atakavyobaki. Sasa mweke Siti binti Saad palepale. Mwanamke wa Fumba, aliyekuja mjini Zanzibar mwaka 1911, akaimba taarabu kwa Kiswahili wakati ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Ndani ya mtu huyo mmoja una Bahari ya Hindi, una utumwa na kilichoufuata, una biashara ya kampuni za santuri, una wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar. Mwanafunzi angetoka na swali. Na "ngoma na mdundo" angetoka na nini, zaidi ya alichoingia nacho?

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na mpaka leo nakitumia kwa kila jalada. Kwenye sinia la pilau kuna kachumbari, na ndani ya pilau lenyewe kuna kitunguu. Kachumbari ipo pembeni. Ukiiondoa, pilau ni lilelile. Kitunguu kilikaangwa mwanzo mpaka kikawa cha kahawia, kikayeyuka, kikatoa ile rangi na ile harufu. Huwezi kukitoa tena. Naichukua kalenda, nafunika kwa kiganja zile wiki zenye maduara, najiuliza: kozi iliyobaki inasimama? Ile ya muziki ilisimama wima bila kutikisika. Wiki ya 11 ilikuwa kachumbari.

Baadaye nilimsoma James Banks, aliyefundisha miaka mingi chuo cha Washington kule Seattle, nikaona amelipanga jambo hili katika ngazi nne. Ya chini ni kutaja mashujaa na sikukuu. Inayofuata ni kuongeza mada bila kugusa muundo wa kozi. Ya tatu ni kubadili muundo wenyewe, ili mwanafunzi alitazame jambo lilelile kutoka kwa watu tofauti. Ya nne ni kumfikisha kwenye kuamua na kutenda. Ukiwa na wajumbe wanaotaka lugha ya kitaaluma, wapeni hizo ngazi nne. Sisi kwenye kamati yetu tumekubaliana kwamba chini ya ngazi ya tatu kozi haipiti. Kikaoni bado huwa nasema kachumbari, na siku hizi hata mjumbe wa fizikia analitumia neno hilo.

Usihesabu majina ya ukoo kwenye orodha ya vitabu ukadhani umemaliza. Nimeona kozi yenye waandishi sita wa Kiafrika ambao wote wanasomwa kwa ajili ya kuthibitisha alichokwishasema mtaalamu mmoja wa Ulaya katika wiki ya pili. Angalia nani anaruhusiwa kujenga hoja na nani anatumika kama mfano tu.

Mahali ukweli unapokaa: kazi na alama

Mwanafunzi husoma kile kinachopewa alama. Fungua sehemu ya alama uone asilimia. Kama maudhui ya tamaduni yako kwenye asilimia 5 za "ushiriki darasani", kozi hiyo haijaamua kuyafundisha.

Ningependa uione kazi moja kwa karibu. Kozi ilitoka kwenye masomo ya uuguzi, kalenda yake ilikuwa nzuri, maduara mengi. Nikaufikia mtihani wa mfano. Swali la 12 liliuliza: mgonjwa Mwislamu hupendelea lipi kati ya haya? Kisha majibu manne, moja ndilo sahihi. Swali la 13 lilikuwa hilohilo kwa "Mhispania", yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, la 14 kwa "Mwasia". Nilishtuka, kwa sababu mimi mwenyewe ni Mwislamu wa Tanga na jibu lililohesabiwa sahihi nisingelichagua. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi 120 na mashine ya kusahihisha. Lakini mtihani wake ulikuwa unafundisha kwamba mtu anasomeka kutoka kwenye lebo yake, na wanaofundishwa hivyo watakuja kusimama kando ya vitanda vya wagonjwa.

Nilimwandikia, tukakutana kwa kahawa. Toleo lililorudi baada ya wiki tatu lilikuwa na kisa kimoja: mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anamwambia muuguzi kwamba Ramadhani inaanza Jumapili na atafunga. Mwanafunzi anatakiwa aandike maswali matano atakayomuuliza, aeleze kila swali linatafuta nini, kisha aandike aya moja juu ya kile alichokuwa amekidhania kabla ya kuuliza. Wagonjwa wana ruhusa ya kutofunga katika Uislamu, na bado wengi huchagua kufunga. Mwanafunzi hawezi kulijua la huyu bila kuzungumza naye. Maswali ya 12 hadi 14 yalifutwa. Kozi ile ilipata kura zote.

Kuna rubriki nyingi, yaani majedwali ya vigezo, za kukusaidia kupima kazi za namna hii. Inayotumika sana ni ile ya AAC&U (jumuiya ya vyuo vya Marekani) ya mwaka 2009 juu ya maarifa na umahiri wa kuingiliana na tamaduni nyingine: safu sita, ngazi ya 1 hadi ya 4, kuanzia kujitambua wewe na utamaduni wako hadi udadisi na uwazi wa moyo. Usiitumie kama muhuri. Chukua kila kazi kubwa ya kozi, uliza inaangukia safu ipi. Kazi isiyoangukia popote ndiyo ya kuzungumza na mwalimu.

Jihadhari na upendo wako mwenyewe

Hili limeniuma kuliko yote. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati lilikuja jalada la kozi ya mazingira yenye wiki tano juu ya Serengeti. Nilipoliona jina tu, moyo ulipanda. Mtu wa huku, ambaye hana undugu na sisi, anataka wanafunzi 60 waijue nchi yetu! Kalenda nikaisoma haraka. Nyasi, mvua, nyumbu, simba, mto Mara. Nikapiga kura ndiyo, nikaandika maneno mazuri.

Kikaoni mwenzangu anayefundisha historia ya wenyeji wa asili wa Marekani aliinua karatasi akauliza kwa sauti ya chini: "Watu wako wapi?"

Nikarudi kwenye kalenda. Wiki tano, vipindi kumi, hakuna binadamu. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga humo walihamishiwa Ngorongoro. Mimi nalijua hilo. Nilifundishwa, na nimelizungumza na watu waliosimuliwa na babu zao. Nalo lilikuwa limefutwa mbele ya macho yangu na nikapitisha, kwa sababu jina la kwetu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Mwenzangu aliliona kwa sababu analijua jambo hilohilo kwa jina jingine: Yellowstone, hifadhi ya mwaka 1872, na wenyeji waliosukumwa nje yake ili wageni waione kama pori lisilo na mwenyewe.

Tangu siku ile, kozi yoyote inayogusa Afrika Mashariki, au Uislamu, au Kiswahili, siisomi peke yangu. Nampa mjumbe mwingine aisome kwanza, na maoni yake nayasoma kabla sijaandika yangu. Na kinyume chake pia ni hatari: kuna kozi niliyokuwa naikataa kimoyomoyo kwa kuwa matamshi ya mwalimu kwenye video yake yaliniudhi. Hilo halimo kwenye sharti.

Namna ya kuandika maoni

Usimwandikie mwalimu "ongeza tamaduni". Hajui afanye nini, ataongeza kachumbari nyingine. Mimi naandika mambo matatu: nilichokiona kipo, kipengele cha sharti ambacho sikukiona, na mahali kwenye kalenda yake mwenyewe panapoweza kukibeba. Kwa kozi ya Serengeti tuliandika hivi, nami nilishika kalamu:

"Wiki ya 3 hadi ya 7 zimepangwa vizuri na wanafunzi watajifunza ikolojia kwa kina. Kipengele cha pili cha sharti kinataka kozi ichambue namna makundi ya watu yalivyoathiriwa na maamuzi ya wenye mamlaka, nacho hatukukiona. Wiki ya 4 inahusu mipaka ya hifadhi. Tunaona hapo ndipo panapoweza kubeba kuhamishwa kwa Wamasai mwaka 1959, na kulinganishwa na Yellowstone, ambayo tayari imo kwenye wiki yako ya 2. Ripoti ya wiki ya 7 inaweza kubaki kama ilivyo ikiwa mwanafunzi ataulizwa pia nani alichora mpaka na nani hakuulizwa."

Mistari saba tu. Mwalimu yule hakukasirika. Alijibu jioni ileile akiomba apendekezewe vitu vya kusoma.

Kumbuka pia nani unamwandikia. Kozi nyingi za elimu ya jumla hufundishwa na walimu wa mikataba ya muhula kwa muhula, wanaolipwa kwa kozi, na muda wa kurekebisha silabasi hawalipwi. Ukimrudishia jalada mara tatu kwa mambo ambayo ungeyasema mara moja, umemla siku zake za mapumziko. Sema yote mara ya kwanza. Na kama kozi ina vikundi vinane vya wanafunzi vyenye walimu tofauti, omba silabasi ya pamoja inayowafunga wote, la sivyo utakuwa umempitisha mwalimu mmoja na wengine saba wafanye wanavyotaka.

Juu ya siasa nitasema machache. Majimbo mengine sasa yana sheria zinazogusa elimu ya jumla moja kwa moja. Florida waliitunga yao, SB 266, mwaka 2023, na kozi nyingi zikaondolewa kwenye orodha za vyuo vya umma kule. Ijue sheria ya jimbo lako kabla ya kikao. Andika sababu zako kwa lugha ya taaluma: maswali gani, vyanzo gani, njia gani ya kuchambua. Na usipime msimamo wa mwalimu. Kamati inapima kama mwanafunzi atapewa zana na ushahidi wa kufikia uamuzi wake mwenyewe. Mjumbe akianza kusema "huyu bwana mimi namfahamu", mwombe arudi kwenye kalenda.

Jipe dakika 40 kwa jalada, na usisome zaidi ya matatu kwa siku. La nne utalionea.

Kozi zilizopita zamani

Kwetu kila kozi hurudi baada ya miaka mitano, na hapa ndipo wajumbe wengi hulegea. Silabasi ya kurudia huwa imenyooka, kila neno la sharti limo, kwa sababu mwalimu ameshajua tunachotaka. Kwa hiyo omba kazi za wanafunzi: moja iliyofanya vizuri, moja ya wastani, moja dhaifu. Majina yafutwe kabla hayajakufikia, maana sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi. Anza na ile ya wastani. Iliyofanya vizuri huenda ingeandikwa na mwanafunzi huyo hata bila kozi, na dhaifu inaweza kuwa ya mtu aliyeugua. Ya wastani ndiyo inayokuonyesha kozi imefanya nini.

Mwaka huu, kati ya yale majalada 14, la tisa ni la Serengeti. Nimempa mwenzangu wa historia alisome kwanza, kisha nikakaa nalo jana usiku. Kazi ya wastani ni ramani mbili zilizochorwa kwa mkono, hazijanyooka sana. Ya kwanza inaonyesha mpaka wa hifadhi ya 1951, ya pili ile ya baada ya 1959, na mwanafunzi ameweka mishale midogo kuelekea Ngorongoro. Chini ameandika kwamba alikwenda Yellowstone na wazazi wake akiwa na miaka tisa, na hakumbuki kuona popote jina la mtu aliyeishi pale kabla ya hifadhi. Halafu anauliza kama alilipita tu bila kuliona, au halikuwepo. Mwalimu amempa alama 78, na pembeni, kwa wino wa kijani, amemwandikia mahali pa kwenda kutafuta.

Nimepiga kura ndiyo. Yamebaki matano.